Yale Aliyoyaruka Karani

9 Februari

Kaka yangu,

Salamu za wifi na watoto wape sasa hivi kabla hujasoma mbele, maana nakujua, ukifika mwisho utakuwa umeshasahau. Sisi tupo. Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja. Fundi aliyekuja ameliacha linavuja kuliko alivyolikuta, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ndivyo linavyopumua. Naandika barua kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, na ukipokea unasema, "Nipo juu ya lifti, nitakupigia." Sijapata kumwona mtu anayekaa juu ya lifti miaka mitatu.

Sasa la mama. Wiki iliyopita tumemhamishia pale ninapofanya kazi. Daktari hakuzunguka mbuyu: dawa ya kuponya hakuna tena, iliyobaki ni ya kutuliza maumivu. Yupo chumba namba sita, kitanda cha dirishani. Dirisha linatazama uwanja wa shule, na yeye anakaa kuwakagua watoto. "Yule kola imepinda. Yule suruali imeshonwa na adui yake." Miaka thelathini na nane ya kushona sare haimtoki mtu hata akiwa kitandani.

Najua kazi yangu hujawahi kuielewa, unadhani ninapokea wageni mlangoni. Kila siku nakaa na mgonjwa mmoja kwa saa moja, naweka kinasa sauti juu ya mto, naye ananisimulia maisha yake tangu anakumbuka. Nikirudi ofisini naandika. Natoa vikohozi, natoa "yaani" na "nini hii", napanga mambo yafuatane. Kisha namsomea ukurasa kwa ukurasa. Akisema "ndivyo", natia alama. Kijitabu kikichapwa familia inapewa, na sauti inafutwa siku hiyohiyo. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya ndugu wanne kushikana mashati ukumbini wakigombania sauti ya baba yao.

Sasa ni zamu ya mama. Mkuu wetu alitaka mwenzangu ndiye amwandike, akasema mtu haandiki mzazi wake. Nilimkatalia. Nikamwambia mama yangu namjua mimi, na kalamu ninayo mimi.

Daktari anasema miezi mitatu, ikizidi minne. Njoo.

Mdogo wako,
Karani

2 Machi

Mdogo wangu Karani,

Barua yako nimeipata, imekaa kwenye sanduku la ofisini siku tisa kabla mtu hajanikumbuka. Huku wazima. Wifi yako anasema wewe ndiye pekee wa kwetu mwenye akili, nami sikubishana naye maana nilikuwa na njaa. Mtoto wa kwanza ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kwa upepo.

Kazi ni nyingi. Juzi lifti ya jengo la ghorofa kumi na mbili ilikwama na watu sita ndani, mmoja wao mwalimu wa kwaya. Nilipofungua mlango nikakuta ameshawapanga kwa sauti. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani.

Habari za mama zimeniingia. Nitakuja. Mwezi wa nne naweza kupata likizo, msimamizi amenikubalia nusu. Mwambie Mzee Kesho anakuja. Jina hilo alinipa yeye mwenyewe, basi atacheka.

Nina swali moja. Hayo maisha anayokusimulia, amefikia wapi? Ameshafika kwenye ugonjwa wa baba? Akifika, niandikie alivyosema. Usinipangie vizuri. Neno kwa neno.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Tunashukuru kwa salamu. Hayo meno ya mtoto yataota, ila mwalimu wa kwaya nimemsimulia mama na amecheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

Hajambo kidogo. Miguu imevimba, uji anakunywa nusu kikombe, ulimi ndio uko palepale. Katika chumba chake kuna mzee mmoja, kondakta mstaafu, anayemwandikisha mwenzangu. Kila siku anamwokoa abiria mpya. Mama anamsikiliza, halafu ananinong'oneza, "Huyu basi lake lilikuwa linapitia peponi." Yupo pia mwalimu wa kike anayenisahihisha ninapomsomea. Jana alinikatia kurasa za maisha yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Mama ameshanipa kurasa ishirini na mbili. Amesimulia cherehani ya kwanza, ile ya mkono, iliyomkata kidole siku ya kwanza na akaipenda siku ya pili. Amesimulia mwaka shule ilipobadilisha rangi ya sare wiki moja kabla ya kufungua, akakaa mezani siku nne, na baba akawa anamlisha kwa kijiko huku miguu ya mama ikikanyaga cherehani. Hapo alinyamaza. Nikaacha kinasa sauti kiendelee, kisha nilipofika ofisini nikautoa ule ukimya. Ulikuwa dakika sita.

Uliloniuliza: bado hajafika huko.

Mwezi wa nne si mbali. Kitanda chako nimekitandika chumba cha mbele. Usiniambie nusu ya likizo, mama hana nusu.

Karani

28 Aprili

Mdogo wangu,

Naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Watoto wazima, wifi yako mzima, ila mimi mafua.

Likizo imekwama. Lifti ya hospitali moja kubwa imeharibika na mimi ndiye ninayeijua mashine ile. Wagonjwa wanapandishwa kwa ngazi, wamebebwa kwenye machela. Utaona mwenyewe kwamba siwezi kuondoka. Mwezi wa tano katikati, hakika.

Nimetuma kwa mtu anayekuja huko blanketi jepesi, la rangi ya majani, anayoipenda mama. Mfunike miguu.

Hujanijibu vizuri lile swali. Kurasa ishirini na mbili na bado hajafika kwa ugonjwa wa baba? Mama huyuhuyu ambaye akisimulia kwenda sokoni anarudi kabla hujakaa?

Kaka yako

17 Mei

Kaka,

Salamu kwa wifi. Nashukuru kwamba yeye alipokea simu asubuhi ile.

Mama alifariki tarehe kumi na moja, saa moja kasoro. Nilikuwa naye. Siku tano za mwisho alikuwa hasemi, anabana kidole changu tu. Blanketi lilifika siku mbili kabla, akalala nalo. Tumemzika siku ya pili yake. Tulikusubiri mpaka saa tisa, kisha majirani wakasema jua halitusubiri sisi.

Watu walikuwa wengi. Walikuja watu wazima, wengine na mvi, wanasema, "Alinishonea sare yangu ya kwanza." Mmoja aliivaa kaptura yake begani kama taulo, analia. Sikujua kama watu wazima huweka kaptura za shule.

Kijitabu chake nimekiweka humu. Kurasa thelathini na nne. Alikisikiliza chote, akasema ndivyo.

Sina zaidi.

Karani

30 Juni

Mdogo wangu,

Sijui salamu nizianzie wapi. Pole. Pole kwa kuosha, kwa kulisha, kwa kuzika. Pole kwa mambo yote uliyoyafanya kwa mikono miwili wakati yalihitaji minne.

Kijitabu kilikaa juu ya friji wiki tatu. Wifi yako akikisogeza kufuta vumbi, mimi natoka nje. Jumapili nimekisoma. Kurasa za cherehani nimezisoma mara mbili. Kisha nikafika ukurasa wa thelathini na moja. Umeandika: "Mume wangu alifariki Jumatano asubuhi. Nilikuwa naye." Ukurasa unaofuata: "Mwanangu wa kwanza ni fundi, anaishi mbali." Basi. Nimepewa sentensi moja, na cherehani imepewa kurasa nne.

Simlaumu. Nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alitoka chumbani kwa baba, akaniambia, "Nenda kanunue sabuni." Kupitia mlangoni nilimwona baba anavyovuta pumzi, na nikajua. Duka lilikuwa nyumba ya tatu tu. Nilinunua sabuni, nikarudi, nikafika mlangoni kwetu, nikapita. Nikaendelea kutembea mpaka kwa rafiki yangu upande wa pili wa mji. Nikalala huko na sabuni mfukoni. Niliporudi kesho yake jioni mlikuwa mmeshazika. Mama alinipokea ile sabuni, akanipakulia chakula. Hakusema neno siku ile, wala miaka ishirini na sita iliyofuata. Afadhali angenipiga.

Na hakukuwa na lifti ya hospitali, mdogo wangu. Nilikata tiketi mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa stendi mpaka basi likaondoka, nikiwa na mkoba mapajani. Mara ya pili nilipanda kabisa, nikashuka kabla ya kutoka mjini. Kila nikifikiria chumba kile na kitanda kile, miguu inakataa. Mimi ni mwoga wa jambo hili moja. Naweza kusimama juu ya lifti ghorofa ya ishirini bila kamba, lakini siwezi kusimama karibu na mzazi wangu anayeondoka.

Nitumie sauti yake. Najua kanuni yenu, lakini wewe ni mwanawe, hukosi kuwa umeihifadhi. Nataka nisikie alivyosema "nilikuwa naye". Kwenye karatasi siwezi kujua kama alikuwa ananisema mimi. Nikimsikia nitajua. Lolote liwalo, nitalibeba.

Kaka yako

14 Julai

Kaka,

Huku salama. Bomba limepona.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu sauti, nitatafuta. Mambo ya ofisi yana mlolongo, usiwe na haraka.

Karani

19 Agosti

Mdogo wangu,

Tunakusalimu wote. Mtoto ameota jino moja.

Mwezi umepita. Mimi si wa kumhimiza mtu kuhusu kuchelewa, najua. Lakini nakuomba.

Kaka yako

3 Septemba

Kaka yangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeishia kwenye salamu.

Sauti haipo. Niliifuta mwenyewe tarehe sita Mei, siku kijitabu kilipotoka kuchapwa, saa nane mchana, kama ninavyozifuta zote. Mkono ulibonyeza, kisha nikanyanyuka kwenda kuchemsha chai. Nilikuwa nimeshafuta watu mia moja na arobaini kabla yake. Maji yalipochemka ndipo nikakumbuka huyu wa mia na arobaini na moja ni nani. Nilikimbia chumba namba sita kumwambia arudie hata neno moja, nikakuta ndiyo siku ameanza kunyamaza. Mkuu wetu alijua alichokuwa akinikataza.

Lakini hilo ni kosa la mkono. Lipo la pili, nalo si la mkono.

Ulipouliza mwezi wa tatu kama ameshafika kwa ugonjwa wa baba, nilikujibu bado. Nilisema uongo. Alikuwa ameshasimulia tangu wiki ya kwanza ya Machi. Nimeyashika maneno yake kwa sababu nilisikiliza mara nyingi kabla ya kuyatoa. Alisema hivi:

"Nilimwona yule mtoto mlangoni anatetemeka kama kifaranga. Nikamwambia nenda kanunue sabuni. Sabuni ilikuwepo, miche miwili mizima juu ya kabati. Nilijua akitoka hatarudi, na nikaomba asirudi mpaka yaishe. Yule si wa kuona mtu anakata roho, angekaa na jambo lile machoni maisha yake yote. Aliporudi sikumuuliza kitu. Ningemuulizaje, na mimi ndiye niliyemtuma?"

Hivyo ndivyo alivyosema. Hukumkimbia, Kaka. Alikutoa.

Nikaandika yote, nikayaangalia, nikayafuta, nikaweka "nilikuwa naye". Kanuni yetu inaniruhusu kutoa vikohozi, hainiruhusu kutoa mtu. Nilimsomea mama ukurasa ule. Akasema, "Umeruka." Nikamuuliza, "Nimeruka wapi, mama?" Akanitazama hivi, unajua anavyomtazama mtu aliyeshona mfuko upande usiopaswa. Akasema, "Haya. Kalamu ni yako." Halafu akasema ndivyo, nami nikatia alama.

Na alikuwa anakuulizia. Kila nikiwasha kinasa sauti, neno la kwanza, "Amekuja?" Nikimlisha, akishameza tu, "Amekuja?" Nikimgeuza nimwoshe mgongo, "Amekuja?" Nayo niliyatoa yote. Nilijiambia si sehemu ya simulizi.

Usiniulize kwa nini. Ukinisamehe nitashukuru, usiponisamehe nitakuelewa. Nilikuwa na kitu kimoja cha kukupa na nimekichelewesha miezi sita, nikakuacha unajila moyo mbele ya kitabu nilichokiandika mimi.

Karani

21 Septemba

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Nimemsomea wifi yako barua yako yote, na ile yangu ya Juni nikamweleza kwa mdomo. Amelia, kisha akanipiga na kanga begani kwa sababu ya zile tiketi.

Maneno ya mama nimeyanakili kwenye karatasi ndogo, yapo kwenye mfuko wa ovaroli. Leo nimeyasoma juu ya lifti. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, mpaka mtu wa ghorofa ya saba akaita kuuliza kama mashine ina matatizo.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu, hasira imekwisha, nikakichukua tena kijitabu, nikausoma ukurasa wa thelathini na moja, na nikaona jambo ambalo nimeona haya kwamba sikuliona kabla. Mimi nimo kwa sentensi moja. Wewe humo kabisa.

Umeniambia nisikuulize kwa nini. Sikuulizi. Nakuuliza lingine. Siku ile ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi mama alinitoa nje. Wewe ulikuwa wapi? Miaka ishirini na sita nimekuwa nikijitazama mimi tu natembea na ile sabuni, na sijapata hata siku moja kugeuka nyuma nikatazama nani alibaki ndani.

Mama hakukutaja, au ulijiruka mwenyewe?

Niandikie, mdogo wangu. Usitoe kitu. Mwezi wa kumi nakuja, na safari hii tiketi anayo wifi yako, na yeye mwenyewe atanipandisha. Lakini kabla sijafika nataka niwe nimeshajua.

Kaka yako

8 Oktoba

Kaka,

Salamu zenu zimefika. Nami nawasalimu, na mpe wifi pole ya mkono.

Kwa kazi yangu nimeuliza watu wengi swali kama lako. Sikujua kama ni zito hivi. Nimelikalia wiki mbili.

Mama alinitaja. Alisema, "Mdogo alikuwepo, alinisaidia." Nililitoa kwa sababu nililiona dogo. Nilikuwa nasubiri aongeze, hakuongeza, akaenda moja kwa moja kwenye sabuni yako.

Nilikuwa chumbani. Wewe ulipotoka mama alifunga mlango, akaniita nije upande wa miguuni. Alisema miguu ya baba ina baridi, niisugue. Nikakaa mwisho wa kitanda nikaiweka mapajani kwangu. Ilikuwa mizito, na kisigino cha kulia kilikuwa na ufa. Mama alikuwa kichwani kwake anamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Mimi nilikuwa nasugua. Nilianza na vidole, nikapanda kwenye kifundo, nikarudi. Nilidhani nikisugua vizuri atapata joto na atapona, maana sikuambiwa ninasugua kwa ajili gani. Nilisikia pumzi yake, halafu sikuisikia. Mama akainamisha kichwa chake juu ya kifua cha baba, akakaa hivyo. Nikamuuliza, "Mama, niendelee?" Hakunijibu. Nikaendelea. Majirani wakaingia, mtu akafunga dirisha, mtu akageuza kioo kitazame ukuta, watu wakaanza kulia, na mimi bado nimeshika miguu, naisugua, mikono yangu imeshika moto na yeye anazidi kuwa baridi.

Hakuna aliyeniambia niache.

Mdogo wako